Senta Ambaye Karatasi Haikumwona

Baada ya kila mechi kocha alitugawia karatasi. Ilitoka kwenye mashine ya ofisi ikiwa bado na joto, nasi tuliipokea kwa mikono yenye jasho, tukaikunja, kisha tukaifungua tena ndani ya basi, kila mmoja akiutafuta mstari wake. Pointi. Ribaundi. Asisti, yaani pasi za mwisho kabla ya kikapu. Mipira iliyopotezwa. Nimeisoma karatasi ile mara nyingi kuliko ujumbe wowote wa mama yangu, na leo naandika kwa sababu bado nina hasira nayo. Karatasi ile ilimfukuza mtu. Haikumfukuza kwa uongo, maana kila nambari iliyokuwamo ilikuwa ya kweli. Ilimfukuza kwa yale ambayo haikuyaandika, na sisi tuliokuwa tumeyaona kwa macho yetu tukaiacha iseme peke yake.

Nilicheza misimu mitatu katika timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja kidogo hapa Dubai. Nilikuwa mchezesha timu, yule mfupi anayepandisha mpira na kuamua uende kwa nani. Angalau ndivyo nilivyodhani, kwamba ninaamua. Ilinichukua misimu mitatu na masenta watatu kuelewa kwamba mchezesha timu haamui kitu. Anayeamua ni senta, yule mrefu wa karibu na kikapu. Mahali atakapouweka mwili wake, wengine wanne watajipanga kumfuata, kama vyombo vya chumba vinavyopangwa kufuata kitanda. Sisi tuliolala wanne katika chumba kimoja mtaa wa Mankhool tunalijua hilo vizuri: ukihamisha kitanda, hata mlango wa kabati unafunguka kwa namna nyingine.

Senta wa kwanza alikuwa Mtanzania mwenzangu, mtu wa Musoma, mkubwa wetu sote kwa umri na mpana kama kabati lenyewe. Alicheza akiwa amekipa kikapu mgongo. Alimsukuma beki wake hatua moja, akamsukuma ya pili, kisha akainua mkono wa kushoto na kuniita mbele ya watu.

"We dogo! Leta chakula!"

Nilipeleka. Ningefanyaje? Alikuwa kaka. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, ndiye aliyenionyesha duka linalouza unga wa sembe, ndiye aliyemwambia mama yangu kwenye simu, "Mama, huyu ni mdogo wangu sasa, lala usingizi." Mkono wa kaka ukishainuliwa, huangalii kama wapinzani wawili wamekwisha kumzingira. Huangalii kama mwenzako upande wa pili amebaki peke yake, anapunga mikono kama mtu aliyeachwa na basi. Unapeleka chakula kwa mwenye nyumba.

Basi mashambulizi yetu msimu ule yalikuwa sinia moja na mlaji mmoja. Wanne tulisimama tukimtazama akila. Tulikuwa na mpiga mitupo mzuri sana, kijana mwembamba wa Unguja, ambaye mkono wake haukuwa na haraka wala wasiwasi. Kazi yake ilikuwa kusimama kona. Siku moja baada ya mechi alivua viatu ndani ya basi, akasema, "Mie leo nimekaa kona ile muda mrefu hata nikataka kuiombea viza."

Tulicheka wote, hata kaka. Na karatasi ilimpenda kaka. Mstari wake ulikuwa mnene, mistari yetu ilikuwa mifupi na ya adabu. Tulishinda kidogo, tukashindwa kidogo. Simlaumu. Alicheza kama alivyofundishwa, na sisi tulimtii kama tulivyolelewa. Alipomaliza masomo alipata kazi katika ofisi ya mizigo bandari ya Hamriya, na kwa wiki kadhaa mazoezini niliendelea kuutafuta mkono ule wa kushoto hewani.

Wa pili tulimpata getini.

Alikuwa mlinzi wa geti la chuo, Mkenya wa Kitale, mrefu hata kofia yake ya kazi ilikuwa ikigusa taa ya kibanda. Alilala Sonapur, kwenye kambi za wafanyakazi, pamoja na walinzi wenzake na kuletwa kazini na basi la kampuni kabla jua halijachomoza. Uwanja wetu wa nje ulipakana na geti lake. Alasiri moja mpira uliruka uzio, ukaenda kudunda katikati ya magari. Yule mlinzi aliuokota, akautazama kidogo kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao, halafu akaurudisha. Hakuurusha juu. Aliupitisha chini, katikati ya magari mawili, ukadunda mara moja lami na kuingia mkononi mwangu bila mimi kusogea hata nusu hatua.

Kocha alikuwa ameona. Alikuwa mtu wa Shamu, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri na filimbi aliyoipuliza mara chache sana. Aliutoa mpira mkononi mwangu, akaurusha tena nje ya uzio kwa makusudi.

"Yalla, haya," alimwambia yule mlinzi, kisha akaongeza kwa Kiingereza, "Rudia."

"Yes, sir," akajibu, akarudia.

Hilo silifichi, na hasira yangu hainizuii kulisema: kocha ndiye aliyemtoa getini. Alizungumza na kampuni yake, alizungumza na ofisi ya chuo, alingoja, alibembeleza. Mwishoni mlinzi akawa mwanafunzi. Akasomeshwa bure kwa sharti la kuwa ndani ya timu, na ukaazi wake ukahamia kwenye jina la chuo. Maisha yake yote yakatundikwa kwenye msumari mmoja. Nafasi ya timu ikianguka, masomo yanaanguka, na masomo yakianguka, viza inaanguka. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi. Ile kofia ya ulinzi hakuitupa, aliibeba ndani ya begi la mazoezi, chini ya taulo.

"Ya nini hiyo?" nilimuuliza.

"Passport yangu ya pili, buda," akasema. "Huku Dubai usiende mahali na moja."

Sasa nieleze alivyocheza, maana ndiyo kisa chenyewe. Alisimama kwenye kona ya juu ya mstari wa mitupo huru, uso ukitazama kikapu, si mgongo. Mimi nilimpa mpira na kuondoka. Kuondoka! Sikuwahi kumpa senta mpira na kuondoka. Nilikimbia nyuma yake, kijana wa Unguja akakimbia mbele yangu, wengine wawili wakapishana chini ya kikapu, na yeye katikati amesimama, ameushika mpira juu ya kichwa kwa mikono miwili, anatusoma. Mdomo wake haukunyamaza.

"Zunguka, msee, zunguka! Pita kwa mgongo wangu! We kijana wa karafuu, amka huko kona!"

"Nshaamka, wee tingatinga!"

"Umeamka na miguu imelala! Njoo!"

Na mpira ulifika. Ulifika wakati mguu wako ndio kwanza unakanyaga, kama kikombe kinachowekwa mezani wakati unakaa. Mara nyingi hakutoa pasi ya mwisho. Alitoa ile ya kabla ya mwisho: yeye kwangu, mimi kwa mfungaji. Na asipokuwa na mpira aliweka ukuta. Ndivyo tulivyoita. Kuweka ukuta ni kwenda kusimama wima katika njia ya mpinzani anayemfukuza mwenzako, mikono kifuani, umetulia, ili mpinzani aje agonge mwili wako na mwenzako abaki peke yake kwa nusu sekunde. Hukimbii, huruki, mpira huugusi. Unagongwa tu. Baada ya mechi alikaa nyuma ya basi na mfuko wa barafu ya kantini mbavuni, huku kijana wa Unguja akiisoma karatasi na kuhesabu mitupo yake iliyoingia.

"Hesabu, hesabu," yeye alimwambia. "Hizo zote ziko hapa kwa mbavu zangu."

Tuliona timu ikizaliwa. Sina neno jingine. Watu wale wale, viatu vile vile, uwanja ule ule wenye kiyoyozi kinachodondosha maji karibu na benchi, lakini sasa mpira ulipita mikononi mwa watu watano kabla ya kupanda, na sisi tuliokuwa watazamaji wa kaka tukawa wachezaji. Yeye alitutania bila kuchoka. "Nyinyi Wabongo," aliniambia, "hata mkimnyang'anya mtu mpira lazima mwanze na samahani."

Mwisho wa msimu ule nilipewa kikombe kidogo cha kioo kwa kutoa asisti nyingi kuliko wote. Mimi. Yule Mkenya alipiga makofi kuliko mtu yeyote ukumbini. Nilikiweka juu ya friji Mankhool na kila nilipokwenda kunywa maji nilikitazama kwa fahari. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila asisti yangu ilikuwa imeanzia mikononi mwake au kupitia mgongoni mwake, na karatasi iliandika anayetoa pasi ya mwisho tu. Mstari wangu ulinenepa. Wake ulibaki mwembamba: pointi chache, ribaundi za wastani, asisti kidogo, makosa mengi kwa sababu marefa wengine waliona ukuta kuwa ni kusukuma watu.

Msimu wa tatu ulipoanza akaja kijana mwingine mrefu, kutoka ng'ambo. Sitamsema vibaya. Alikuwa mpole, alisalimia kila mtu, na mkono wake ulikuwa laini kupita kiasi. Alisimama mbali, nje ya mstari wa pointi tatu, na alipotupa mpira nyavu zilisikika kama mtu anayekunjua kitambaa. Kwa wiki mbili masenta wawili walifanya mazoezi pamoja, na kocha akaandika nambari za kila siku. Sote tulijua kwa nini. Nafasi ya senta wa kusomeshwa ilikuwa moja.

Jumatano, baada ya mazoezi ya alasiri, kocha alitukalisha sakafuni. Alirusha karatasi ukutani kwa projekta. Mistari miwili tu, mmoja mnene, mmoja mwembamba.

"Nina nafasi moja," alisema. "Nambari ni hizi. Mimi naona jambo liko wazi." Kisha akatugeukia, akavua miwani. "Kuna anayeona vinginevyo? Mseme sasa. Yeyote."

Yule Mkenya alikuwa amekaa nyuma yetu, karibu na ukuta. Nilimsikia akifungua kamba za kiatu, polepole, tundu moja baada ya jingine.

Tulikuwa wanne tuliozungumza Kiswahili, ukimtoa yeye, na wanne tuliinamisha vichwa. Nataka msomaji anielewe hapa, maana kuna wenzetu wa lugha nyingine kwenye timu waliotuona waoga tangu siku ile, na ule haukuwa uoga. Kwetu mtu mzima hapingwi mbele za watu. Hata akikosea. Hasa akikosea. Unamwacha amalize, unamlindia uso wake, kisha unatafuta mtu wa makamo yake aende akamwone faragha, aanze na habari za nyumbani, aje ataje jambo kama aliyelikumbuka tu njiani. Mwenye kosa analirekebisha kesho yake kama wazo lake mwenyewe, na hakuna aliyeaibika. Ndivyo nilivyoona baba akifanyiwa, ndivyo nilivyoona mwalimu mkuu akifanyiwa. Tulitazamana wanne wetu, kijana wa Unguja akatikisa kichwa kidogo sana, na tukaafikiana bila neno: tutatuma mtu.

"Khalas? Tumemaliza?" kocha aliuliza.

Kiyoyozi kilidondosha tone.

"Khalas," akasema, akazima projekta.

Ndani ya basi tulimfuata dereva. Alikuwa mzee wa Kizanzibari aliyekaa Ghuba tangu ujanani, na sote tulimwita baba. Alitusikiliza akiwa anafuta kioo cha mbele.

"Hamkusema neno?" aliuliza.

"Tungesemaje mbele za watu, baba?"

"Mmefanya vyema," akasema. "Mambo haya hayatiwi hadharani. Nitakwenda mie. Lakini si leo, leo ana joto. Kesho baada ya adhuhuri, mtu keshakula, keshapumzika. Nitamwambia."

Na alikwenda, Alhamisi, amevaa kanzu safi. Tulimngoja nje ya ukumbi. Alirudi upesi mno, na nilipoona jinsi alivyoishika kofia yake mkononi badala ya kichwani nilijua.

"Barua keshaipeleka ofisini," alisema. "Tangu jana ile ile. Kanisomea. Mmeandikwa humo: wachezaji wote wameulizwa, wote wameafiki."

"Sisi?"

"Nyinyi. Kanambia, niliwauliza, wakanyamaza."

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na haijapata kulala tangu siku ile. Kwa sababu kocha alizijua desturi zetu! Huyu si mtu aliyeshuka jana kutoka kwenye ndege. Misimu miwili alikuwa nasi. Aliposhinda njaa pamoja nasi Ramadhani, alipokula pilau yetu ya Idi, alipomuuliza dereva kwa nini sisi tunapokea kitu kwa mikono miwili, alikuwa akijifunza. Na alikwisha kujifunza vya kutosha kuzitumia. Nilipochelewa mazoezini hakunigombeza mbele ya wenzangu. Alimtuma dereva aniambie njiani, taratibu, "Mwanangu, kocha moyo wake haukufurahi leo." Alijua ujumbe wetu unapita njia gani. Aliitumia njia hiyo kila ilipomfaa, na siku moja tu, siku iliyohitaji kweli, akajifanya haijui.

Ijumaa nilikaa kitandani Mankhool na simu yangu na daftari. Mechi zetu za msimu uliopita zilikuwa zimerekodiwa na mwanafunzi mmoja na kuwekwa kwenye kundi la timu. Nilizifungua moja moja. Kila tulipofunga nilisimamisha picha, nikairudisha nyuma, nikaandika: nani alisimama wapi. Nani aligongwa. Nani alitoa pasi ya kabla ya pasi. Niliandika Ijumaa, Jumamosi, Jumapili mpaka alasiri. Wenzangu wa chumbani waliofanya kazi madukani waliingia na kutoka, na mmoja akaniuliza kama ninasomea ukachero. Kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyoona aibu. Nilikuwa mle uwanjani, nilikimbia nyuma ya mgongo ule mwenyewe, na bado sikuwa nimeona hata nusu yake. Kulikuwa na kikapu nilichojisifia msimu mzima, pasi ya kupenyeza kati ya watu watatu. Kwenye picha, mmoja wa wale watatu alikuwa amekwama kifuani mwa Mkenya wa Kitale, na wa pili alikuwa akimtazama aliyekwama.

Jumatatu nilimpelekea kocha daftari. Alilisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Alirudi nyuma mara mbili.

"Hii ni kazi nzuri," alisema. "Wewe utakuwa mwandishi." Kisha akalifunga. "Kwa nini hukusema Jumatano?"

"Kocha, ulijua tungekuja."

"Nilijua," akasema. Hakuificha. "Lakini ofisi ilitaka jibu siku ile. Ofisi haiwezi kungoja desturi zenu. Yule mwingine keshatia saini, habibi. Khalas."

Basi uliuliza kwa sababu ulijua tutanyamaza. Hilo ndilo jibu lililokuwa mdomoni mwangu, lenye maneno yote, tayari kabisa. Tulikuwa wawili tu chumbani, hakukuwa na hadhara, hakukuwa na uso wa mtu wa kulinda. Unajua nilichosema?

Nilisema, "Asante, kocha." Nikarudishiwa daftari, nikalipokea kwa mikono miwili.

Yule Mkenya alipata kafili mwingine wa kumdhamini viza, kampuni nyingine ya ulinzi, kabla muda wake haujaisha. Kwa hilo sote tulishukuru, na kushukuru kwenyewe kuliniudhi. Nilikwenda kumtembelea Sonapur siku yake ya mapumziko. Chumba kilikuwa na vitanda vya juu na chini, watu wanane, na yeye alikuwa anapiga pasi shati la kazi juu ya blanketi lililokunjwa. Kofia ile ilikuwa imetundikwa kwenye chuma cha kitanda.

"Umekuja na samahani ama umekuja na chakula?" aliniuliza bila kugeuka.

"Vyote."

"Weka chakula hapo. Hiyo nyingine tutaona."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda cha chini, nikiinama ili kichwa kisigonge cha juu. Nilimweleza yote: dereva, kanzu safi, barua, daftari. Alinyoosha ukosi, akaupitisha pasi, akaugeuza.

"Mlinyamaza, buda," alisema. "Wanne. Hata kukohoa?"

"Tulitaka kumtuma mtu mzima."

"Najua hiyo heshima. Kwani unadhani Kitale tunatukana wazee? Kwetu pia mzee anatumwa. Lakini anatumwa kabla mtu azikwe, si siku ya tatu."

"Na wewe mbona hukusema?"

Hapo aligeuka. "Mimi? Niseme nini, mimi ni mzuri, msinifukuze? Kinyozi hajinyoi, wee. Nyinyi ndio mlikuwa wembe."

Alilivaa shati ili aone kama limenyooka. Lilimbana mabegani. Kisha akaniambia tule, chapati zisipoe, na akaanza kunisimulia juu ya msimamizi wake mpya aliyeogopa lifti. Nilicheka, Mungu anisamehe, maana alikuwa anachekesha kweli.

Msimu ukaendelea na senta wa tatu. Alisimama mbali na kikapu, na beki wake akamfuata huko mbali, kwa hiyo katikati pakabaki peupe kama uwanja wa sala baada ya sala. Wengine wangesema hiyo ni neema kwa mchezesha timu. Niliingia pale peupe nikiwa na mpira na beki akinifuata ubavuni, kwa sababu hapakuwa na ukuta wa kumzuia, na nilipofika chini ya kikapu beki wa pili alikuwa ananingoja. Nilimrudishia mpira yule mrefu kule nje, naye alitupa. Mara nyingi uliingia. Mkono ule, nimesema, ulikuwa laini. Lakini kijana wa Unguja alirudi kwenye kona yake. Wanne tulirudi kutazama, tofauti ni kwamba safari hii mlaji alikula amesimama barazani. Siku mkono wake ulipokuwa baridi hatukuwa na kitu kingine nyumbani.

Mstari wangu wa asisti ukakonda. Jumatano nyingine, wiki kadhaa baadaye, kocha alitukalisha tena sakafuni na projekta ile ile.

"Wewe," aliniambia mbele ya wote. Huenda naye alikuwa amechoka kutuma dereva. "Mwaka jana ulikuwa wa kwanza. Pasi zako zimekwenda wapi?"

Niliinamisha kichwa. Shingo yangu ilijua njia yenyewe. Niliona sakafu, niliona tone la kiyoyozi, na nikasikia nyuma yangu kamba za kiatu cha mtu mwingine kabisa zikifunguliwa. Nikainua kichwa.

"Zimekwenda Sonapur, kocha," nilisema.

Hakuna aliyecheka. Nilisimama. Kiingereza changu kilikuwa kinakatika, lakini nilisema yote, nikiwa namtazama usoni mtu wa umri wa baba yangu. Kwamba asisti zile hazikuwa zangu. Kwamba barua iliyosema tumeafiki ilisema uongo. Kwamba alituuliza kwa namna ambayo alijua hatutajibu, na kwamba sisi wanne tulimpa hiyo nafasi, na sitampa tena. Nilipokaa, kijana wa Unguja alisema kwa sauti ndogo, "Na mie ndivyo nisemavyo." Kisha wale wawili wengine.

Kocha alizungusha filimbi kwenye kidole kwa muda mrefu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa barabara baada ya kufika, akatuambia twende tukaoge.

Wiki iliyofuata karatasi ilikuja na safu mpya mwishoni, imechorwa kwa rula na kalamu, kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameandika juu yake neno letu, kwa herufi zetu: UKUTA. Nilitazama chini ya neno lile. Mstari wangu, sifuri. Kijana wa Unguja, sifuri. Senta wetu, mbili. Safu nzima ilikuwa karibu tupu, kwa sababu mtu aliyestahili kuijaza alikuwa mlangoni mwa jengo fulani, akisema yes sir, yes madam. Kocha alisubiri niseme kitu. Sikusema asante.

Niliipiga picha karatasi ile na kumtumia. Alama za buluu za kuonyesha ameusoma ujumbe zilikuja baada ya saa nzima.

"Ni poa," aliandika. "Lakini niko duty, buda. Watu wanapita, lazima niwafungulie."